Shahidi Asiyetajwa Jina

Kijiji cha Kara-Jar, chini ya mlima Ak-Moyun

Kwako dada yangu Sabira,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye, Mungu ashukuriwe, bado anapanda mlima bila fimbo na bado anatafuna mfupa kwa meno yake mwenyewe. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Miaprikoti yako ilizaa vizuri, au jalidi iliyachoma maua tena kama mwaka ule? Sisi huku hatujambo. Batma wangu ana kikohozi kidogo, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Mwanangu Ulan bado yuko Urusi, anawajengea watu maghorofa na yeye mwenyewe analala kwenye kontena. Ng'ombe mweusi amezaa dume.

Najua utaigeuza bahasha hii huku na huku ukijiuliza ni nani amemwandikia Satarkul. Ameandika Satarkul. Herufi zangu zimelala kama kondoo walioshiba, lakini hakuna aliyenishika mkono. Kwenye simu sitaki, kwa sababu kwenye simu wewe unanikatiza, nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Umeniuliza kupitia kwa binti yako kama ni kweli yale yaliyofika huko kwenu, kwamba nilisimama mbele ya hakimu nikachekwa na bonde zima kwa ajili ya mkazamwana wangu. Ni kweli, nilichekwa. Sasa tulia nikueleze, maana waliokuletea habari wamekuletea mkia wakaacha ng'ombe.

Wewe unajua mimi ni nani kwenye barabara ya Ak-Moyun. Theluji ya mlima ule ilikuwa inaniogopa. Greda yangu ikinguruma asubuhi, wenye malori kule chini walikuwa wanawasha injini bila kuuliza kama njia imefunguka. Watu husema tulikuwa wawili. Haya, tulikuwa wawili. Wa pili ni Jolchu, yule yule aliyekuja kukuposa ukamkataa kwa sababu hanyamazi hata akila. Tulianza kazi siku moja pale kituo cha barabara, tukagombana siku hiyo hiyo, na hatukuacha. Mwaka wa theluji kubwa, aliyefika kileleni kwanza ni mimi. Yeye alifika kwanza kwa mwandishi wa gazeti. Picha yake ikatundikwa ukutani kituoni, nami nikaapa sitaitazama kazi ya mtu yule maisha yangu yote. Nilipostaafu yeye akabaki, eti bado wanamhitaji.

Sasa njoo kwa mkwe wangu Aijarkyn, mke wa Ulan. Alikuwa mpishi hapo hapo kituoni. Unamkumbuka, ulipotutembelea alikumiminia chai bila kuinua macho. Mila anaishika kuliko hata Batma. Jina langu halijawahi kutoka kinywani mwake, kama wewe ulivyomwita baba mkwe wako Mwenye Mbwa mpaka siku ya mazishi yake. Mimi ananiita Mwenye Kofia.

Siku moja nikiwa nakunywa chai, mkwe akasema, akiiambia birika wala si mimi, kwamba amesomea mitambo mjini na cheti anacho, laiti angepata mtu wa kumfundisha theluji. Nikaijibu birika kwamba greda si sufuria. Batma akaniambia nimejibu kama punda. Mkwe akaosha vikombe. Wiki haijaisha nikasikia anafundishwa na Jolchu.

Dada, hukuniona siku ile. Nyama iligeuka mchanga mdomoni. Mtu wa nyumba yangu, anayekula mkate wangu, anamwita Jolchu "Fundi"! Na jina la yule anaweza kulitamka, kwa kuwa si mkwewe. Basi humu ndani ikawa Fundi Jolchu kasema hivi, Fundi Jolchu kasema vile, na mimi niliyemfundisha huyo Jolchu kubadili gia kwenye mteremko nimebaki kofia.

Nikaitoa ile darubini yangu ya kutafutia farasi, nikaanza kupanda kilima cha nyuma ya zizi kila asubuhi. Batma alipouliza nikamwambia farasi jike amepotea. Nikapanda majira ya baridi yote. Mwisho Batma akaniuliza, "Huyo farasi wako hajapatikana tu, mzee, au kaolewa huko huko?"

Nilikuwa nalala kifudifudi juu ya ngozi ya kondoo, natafuta makosa. Nakwambia kweli, nilitamani aitumbukize greda mtaroni ili Jolchu aaibike. Mwanzoni nilipata nilichokitaka. Kisu cha greda alikiinua mno, akaiacha theluji mafungu mafungu kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi. Siku hizo nilirudi nyumbani nikala vizuri. Kisha makosa yakaanza kupungua, na hamu yangu ya kula ikapungua nayo. Majira yalipokaribia kuisha alikuwa anaipita ile kona tunayoiita Shingo ya Ngamia, upande huu ukuta, upande ule kaburi, bila kusimama. Mimi nilikuwa nasimama pale, nashusha pumzi kwanza. Hilo usimwambie mtu.

Halafu Jolchu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Mtu yule wa maneno! Usidhani nilifurahi. Lakini nilipoona watu wanavyomiminika kwake na kumisi, yale maziwa machachu ya farasi, na mbavu za farasi, nilisema moyoni kwamba hata katika kuugua anataka kunishinda.

Nafasi yake ikawa wazi, Aijarkyn akaiomba. Mkuu wa kituo, mtu anaitwa Ormonov, akamwambia mbele ya wenzake, "Binti, mlima si jiko. Ukikwama kule juu utamlilia nani?" Kazi akampa mpwa wake, kijana ambaye theluji ameijulia kwenye kalenda. Mkwe akaomba aandikiwe sababu ya kunyimwa. Ormonov akasema ipo orodha ya serikali inayowakataza wanawake kazi ile. Mkwe akamjibu kwa upole kwamba orodha hiyo imeshafutwa. Ndipo akaandikiwa kwamba hana uzoefu.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Kumbe mkwe alishuka wilayani, akampata wakili anayewatetea wafanyakazi bila malipo, msichana anaitwa Meerim. Akaja hapa nyumbani na viatu vyake vya mjini, akanywa chai, akatueleza kwamba kumnyima mtu kazi kwa sababu ni mwanamke ni ubaguzi, hata kama mkubwa hakuliandika neno hilo mahali popote. Akasema kwanza watapeleka malalamiko kwa mkaguzi wa kazi, na kituo kikiendelea kukaidi watakwenda mahakamani. Mahakama inaweza kuamuru apewe kazi ile na alipwe tofauti ya mshahara tangu siku aliyonyimwa, ila asikawie, kwa sababu haki nayo ina muda wake. Muda ukipita, mlango hufungwa. Nikamuuliza kama hiyo sheria yake imewahi kushika usukani kwenye barafu. Akasema haijawahi, babu, lakini imewahi kuwashusha garini watu waliojiona hawashuki. Nikampenda kidogo. Sikumwonyesha.

Malalamiko yalipofika kituoni, Ormonov akamtoa mkwe jikoni, akampa kazi ya kuosha vyoo na kubeba makaa. Wenzake wakaogopa hata kukaa naye meza moja. Meerim akasema hilo nalo ni kosa, kumwadhibu mtu kwa kuwa amedai haki yake, akaliongeza kwenye mashtaka. Mkwe alikuwa anarudi jioni mikono myeusi, ananawa, anatumiminia chai. Ulan akapiga simu kutoka Urusi akamwambia aache, tutakuwa na maadui kijiji kizima. Nilimsikia mkwe akimjibu, "Baba Emil, mshahara wa dereva nikiupata, wewe unarudi nyumbani. Mwanao anakujua kwa sauti tu." Batma akalia. Mimi nikatoka nje kumtazama ng'ombe.

Siku ya kesi nilisema siendi. Baadaye nikasikia mke wa Jolchu anakwenda na ile picha ya gazetini, ili hakimu aone mwalimu alikuwa mtu gani. Nikavaa kofia yangu mpya, nikaenda. Nikakaa nyuma kabisa.

Wakili wa kituo alikuwa mtu mwembamba, nywele zimelambwa mafuta. Akasema hakuna ubaguzi wowote. Kituo kinawapenda wanawake, wamekipikia miaka yote. Shida ni uzoefu tu. Cheti ni karatasi, na huyo anayeitwa mwalimu hawezi kusema neno. Wakaitwa madereva, mmoja mmoja wakasema hawakuona kitu, macho yao yako sakafuni. Siwalaumu, wana watoto. Kisha Ormonov akasimama, akasema kwa kiapo kwamba hajawahi kumwona Aijarkyn akiendesha greda mlimani hata siku moja.

Hapo mkwe akainuka akasema yupo mtu aliyeona yote. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani aliyetoka mjini, akamuuliza ni nani. Mkwe akasema ni Mwenye Kofia. Yule wakili akawageukia watu, akasema, "Mheshimiwa, katika nchi hii ni nani asiye na kofia?" Ukumbi ukacheka. Hakimu akataka jina. Mkwe kimya. Meerim, aliyekuwa hajui lolote la kilima wala darubini, akampa kalamu aliandike. Mkwe akairudisha kalamu, akasema hata mkono una adabu yake. Mama mmoja wa jikoni akaanza kulitaja jina langu kwa sauti, karani akamnyamazisha, kwamba watazamaji hawasemi. Hakimu akasema, wala si kwa ukali, kwamba shahidi asiye na jina mahakama haimjui, na kama mlalamikaji hana mwingine, yeye ataendelea.

Dada, mkwe hakugeuka kunitazama. Angegeuka ningekasirika, nisingenyanyuka. Alitazama mbele, shingo imenyooka, ananisubiri kama mtu anavyosubiri chai ichemke. Sikujiuliza hata amejuaje kwamba niliona. Nilikuwa nafikiria jambo jingine: nikisimama nitaulizwa niliona nini, kisha nitaulizwa nilikuwa natazama kwa nini. Na nusu ya bonde imekaa pale, mke wa Jolchu yuko mstari wa mbele, picha ameipakata kama mtoto mchanga.

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikataja jina langu, la baba, la babu, na la baba wa babu, mpaka karani akaniomba nipumzike. Nikaeleza jinsi mkwe anavyokishusha kisu kabla ya kona na si ndani ya kona, jinsi anavyoisukuma theluji kuelekea korongoni bila yeye mwenyewe kuusogelea ukingo. Kisha nikaeleza dhoruba ya mwisho. Jolchu alikuwa na homa, malori yamekwama pande zote mbili, na aliyepanda na kuufungua mlima ni Aijarkyn. Kando yake ndani ya greda alikaa Ormonov mwenyewe. Nilimwona akishuka baada ya Shingo ya Ngamia, na ile kofia yake ya mbweha, akajifuta uso, akampa mkwe mkono. Mchana akamrudisha jikoni akapike supu. Ormonov akawa mwekundu kuliko mbweha wake.

Wakili akanijia. Mzee, ulikuwa mbali vile, umeonaje? Nikamwambia kwa darubini. Akatabasamu. Na mzee mstaafu anafanya nini kilimani kila asubuhi ya baridi na darubini, anatafuta nyota mchana?

Nikamtafuta Batma kwa macho. Batma akasema kwa sauti, "Mwambie ni farasi!" Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Nikasema, "Ni wivu, mheshimiwa." Nikasema nilikuwa namwonea wivu Jolchu, kwamba mtu wa nyumba yangu anamwita fundi. Nilitaka ionekane hajui kufundisha. Nilitafuta kosa majira mazima, na mwisho nikalikosa. Nikamwambia hakimu kwamba mtu anayekupenda anaweza kukusemea uongo. Lakini mimi nilikwenda kutafuta ubaya, na aliyetafuta ubaya akaukosa, mwulize huyo.

Ukumbi ulicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Hicho ndicho kicheko kilichofika kwenu. Waliokuletea hawakusema kwamba hakimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akamwambia karani aandike yote kama yalivyo.

Hukumu ikasomwa siku nyingine. Mkwe amebaguliwa. Apewe kazi, alipwe tofauti yake, na yale ya vyoo na makaa ni kosa la kituo na yana fidia yake. Jina langu limesomwa mara tatu, la Jolchu mara mbili. Kituo kilisema kitakata rufaa, Meerim akawaambia karibuni; muda ukapita, hawakukata. Mpwa wa Ormonov yuko ghalani anagawa chumvi ya barabarani. Usiku wa hukumu nilimwambia mkwe kwamba sasa namruhusu, jina langu alitaje. Akaiambia birika kwamba jina la Baba limetajwa na mama wa miwani, inatosha.

Sasa sikiliza lile wasilolijua wao. Baada ya hukumu nilikwenda kwa Jolchu, nyumba niliyokuwa sijaikanyaga tangu mwaka wa gazeti. Nilikwenda ili ajue ni nani aliyemtetea mwanafunzi wake. Nilikuwa nimeipanga hotuba njia nzima. Nikamkuta amelala kando ya dirisha, mdomo umekwenda upande. Nikavuta kigoda, nikaanza. Hata sijafika kwenye jina langu, akauinua ule mkono wa kushoto ulio hai, akakunja vidole vikawa duara, akauweka jichoni. Akanitazama kupitia hapo. Kisha akacheka kwa nusu ya uso, machozi yanamtoka.

Nikamgeukia mkwe, ambaye alikuwa amekuja kumjulia hali fundi wake na sasa anatuletea chai. Naye akaiambia birika ya wenyewe kwamba jua la asubuhi lilikuwa linapiga vioo vya darubini, kilima kizima kinameta. Kwamba Fundi Jolchu alikuwa akisema, "Nyota ya Mwenye Kofia imechomoza, haya tuanze." Na kila siku alimwambia ageuze greda kidogo na mlango auache wazi, mzee aione mikono vizuri. Alimwambia, "Mimi nakufundisha tu, binti. Wa kukupasisha ni yule pale juu. Siku ukiona anateremka mapema na hasira, jua umefaulu."

Dada, nilikaa pale chai ikapoa. Majira yote nilidhani naiba, kumbe nilikuwa nimekaribishwa.

Na hili hata Batma sijamwambia: wivu haujaisha, umehama tu. Theluji ya kwanza ya mwaka huu ilipoanguka nilipanda kilimani, nikamwona mkwe akiipita Shingo ya Ngamia peke yake, taratibu, kama mtu anayefungua kitasa cha nyumba yake. Nikamwonea wivu yeye. Mikono ile niliitamani iwe yangu. Nililia, ila kulikuwa na upepo.

Siku hiyo hiyo nikampelekea Jolchu darubini. Dirisha lake linaitazama kona yenyewe, na yeye kilima hawezi. Nimeifunga kwa kamba kwenye kigoda ili asiiangushe. Basi sasa kila asubuhi yeye anamwona mkwe wangu kabla yangu, kichwa kimeegemea mto, na mimi niko zizini nasikia mngurumo tu. Nakwenda kudai zamu yangu, hataki kuiachia. Hana ulimi, lakini nakuapia bado anabisha.

Ulan amesema anarudi masika. Godoro lake Batma ameshalianika. Nisalimie watoto wako wote na wajukuu, wakubwa kwa wadogo, na wale waliokuletea mkia wa ng'ombe wasomee barua hii yote. Mungu akulindie magoti. Ukipata mtu anayekuja huku, tutumie aprikoti kavu. Jolchu naye anazipenda, nimemuuliza kama anakukumbuka akafumba macho. Kwa hiyo fanya mifuko miwili. Lakini nakuomba kama mdogo wako, Sabira, wake usiupite wangu.

Ni mimi,
Satarkul mwana wa Jumaly,
aliyefika kileleni kwanza